Usingoje Ari: Namna ya Kuanza Wimbo Siku Moyo Ukiwa Mzito

Mhadhara kwa watunzi wa nyimbo, Daraja Mbili, Arusha



Nimeombwa nizungumzie jambo linalowasumbua wengi humu ndani. Mtu anapenda kutunga na uwezo anao. Daftari liko mezani, simuni mna biti alizotumiwa na rafiki yake, lakini kila akishika kalamu moyo unakataa. Wiki inapita, mwezi unapita. Ukimuuliza atakwambia, "Nasubiri mudi ije." Mwingine atasema, "Siku hizi sina stimu." Wapo waliosubiri hivyo mpaka wakaacha kabisa, na sauti nzuri zikapotea.

Neno langu la leo ni moja, na nitalisema mapema ili tulifanyie kazi pamoja. Ari haitangulii wimbo. Mara nyingi huja wimbo ukiwa umeshaanza. Na wimbo huanza kwa kupokea kitu kilichokwisha kuwepo: sauti ya mtu, jina la mtu, habari ya mtaa, mdundo wa wazee. Wahenga walisema, kuimba kupokezana. Tumezoea kuitumia methali hiyo tunapozungumzia zamu za uongozi na kazi za shamba. Naomba leo tuirudishe kwenye kuimba kwenyewe, kwa sababu humo ndimo ilimo dawa ya moyo mzito.

Uzito wenyewe unatoka wapi

Tusiwalaumu vijana kwamba ni wavivu. Wengi wenu mnaamka alfajiri. Mwingine anawahi mzigo Soko la Kilombero, mwingine yuko gereji, mwingine kwenye cherehani, mwingine juu ya bodaboda na baridi ya Julai inamkata vidole. Jioni mwili umechoka na kichwa kimejaa madeni. Huo ni uchovu wa haki.

Juu ya uchovu kuna hofu. Mtunzi chipukizi anaulinganisha wimbo ambao hajauandika na wimbo anaousikia redioni. Anasahau kwamba ule wa redioni umepita kwa mtunzi, kwa prodyuza, kwa mpiga kinanda, kwa rafiki aliyesema "toa hapa, rudia pale", na pengine uliandikwa upya mara nyingi kabla haujaingia studio. Wa kwake hauna hata saa moja. Mashindano hayo hayana haki, na atakayeshindwa kila mara ni yeye.

Uzito wa tatu ni fedha. Kijana anasema, "Niandike wa nini, na studio siiwezi?" Nataka nimjibu waziwazi. Studio ni ya kurekodi. Kutunga kunahitaji mdomo, sikio na mtu wa kukusikiliza, na hivyo vyote viko Daraja Mbili bila malipo.

Niongeze neno moja la tahadhari. Kuna uzito usiohusiana na wimbo: mtu halali, hali, hacheki na watu wake, wiki baada ya wiki. Huyo asihimizwe kuandika. Huyo akae na mtu anayemwamini, aende zahanati, asaidiwe. Wimbo utamsubiri.

Mwanafunzi wa Makumira

Sasa tuanzie karibu na nyumbani. Ukishika barabara ya Moshi, kabla hujafika Usa River, utakuta Makumira, chini ya Mlima Meru. Leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, na muziki unasomwa pale mpaka shahada. Katika miaka ya 1960 kilikuwa chuo cha theolojia cha Walutheri, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Bernard Kyamanywa.

Kyamanywa alitaka kuandika wimbo wa Pasaka. Angeweza kukaa akingoja sauti mpya kabisa imshukie. Badala yake maneno yake yaliwekwa kwenye sauti ya asili ya Wahaya, sauti ambayo watu wa Bukoba walikuwa nayo kabla yake. Kazi iliyobaki ikawa ya maneno, na maneno aliyajua, kwa sababu habari ya Pasaka alikuwa akiisoma chuoni. Wimbo huo ni "Mfurahini, Haleluya". Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha Makumira na aliyetumia miaka mingi kukusanya sauti za Kiafrika kwa ajili ya ibada, aliutafsiri kwa Kiingereza. Leo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Marekani na kwingineko, na watu ambao hawajawahi kuiona Arusha wanauimba kila Pasaka.

Nawaomba walimu wa kwaya mlitazame jambo hili kwa makini. Wimbo wa kanisani una sehemu mbili ngumu, yaani sauti na maneno. Kyamanywa alipokea moja ikiwa tayari, nguvu zake zote akaziweka kwenye nyingine. Siku moyo ukiwa mzito, usibebe sehemu zote mbili. Chukua sauti aliyokuwa akiimba bibi yako wakati wa kupukuchua mahindi, iwe ya Kimeru, ya Kiarusha, ya Kichaga au ya Kirangi, uitafutie maneno yako. Au fanya kinyume: chukua maneno ya Zaburi uliyoyazoea, uyatafutie sauti. Nusu ya kazi itakuwa imekwisha kabla hujakaa.

Itikio kwanza

Tupande kidogo kwa ndugu zetu wanaozungumza Kimaa, Waarusha wa miteremko ya Meru na Wamasai wa tambarare. Katika kuimba kwao yupo olaranyani, mwongoza wimbo. Yeye ndiye anayeanzisha, na kundi linampokea kwa pamoja. Angalieni jinsi mzigo ulivyogawanywa. Kundi halihitaji kukumbuka maneno mengi, linahitaji itikio lake tu. Na olaranyani hana haja ya kuwa na wimbo mzima kichwani, kwa sababu kila kundi linapoitikia, yeye anapata nafasi ya kuvuta pumzi na kuwaza mstari unaofuata.

Machalii wa Arusha waliijua siri hiyo. Mwaka 1996 lilianzishwa hapa mjini kundi la X Plastaz. Mwaka 2004 ikatoka albamu yao iliyoitwa "Maasai Hip Hop", na jina lenyewe linaeleza walichokifanya. Faza Nelly na wenzake walighani kwa Kiswahili, na Yamat Ole Meipuko, Mmasai, akaleta uimbaji wa kwao. Anayeghani akaacha nafasi, anayeimba akaijaza. Faza Nelly aliuawa mwaka 2006, na bado tunamlilia, lakini njia aliyoionyesha na wenzake haijafungwa: mtaa una mistari, boma lina itikio, na wimbo unazaliwa pale viwili hivyo vinapokutana.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye moyo mzito ni huu: usianze na ubeti, anza na kiitikio. Ubeti unadai hoja, mpangilio, vina na picha. Kiitikio kinadai sentensi moja ambayo mtu mwingine anaweza kuipokea. Ukishapata hiyo moja, iimbe mara nne mfululizo. Mara ya tatu utaanza kusikia kitu cha kutangulia. Hicho ndicho mwanzo wa ubeti wako, na hukukitafuta, kimekuja chenyewe.

Mnaoandika hip hop mmezoea vesi ya mistari kumi na sita. Siku nzuri, andika kumi na sita. Siku mbaya andika minne na kiitikio. Minne inatosha kujua kama wimbo una uhai.

Habari ya mtaa na jina la mtu

Wengine mtasema, "Mwalimu, hata hiyo sentensi moja sina." Basi twende pwani, kwa mwanamke ambaye hakuenda shule wala hakuwa na mali.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akitembeza vyungu kwenda kuuza mjini, alikuwa akiimba njiani, na wateja waliijua sauti yake kabla hawajaviona vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri, na santuri hizo zilisikika pwani yote. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Nyimbo zake nyingi zilitoka wapi? Zilitoka katika mambo yaliyokuwa yakitokea mjini Zanzibar. Mfano mmoja ni "Kijiti". Ni habari ya mauaji ya mwanamke, na ya kesi iliyowaacha watu na uchungu kwa sababu mtuhumiwa aliponyoka, na waliokuja kutoa ushahidi wakaishia kufungwa wao. Watu walikuwa wakiizungumza kesi hiyo barazani. Siti na wenzake hawakuhitaji kutafuta hisia, kwa sababu hisia zilikuwa zimejaa mtaani. Walizipa sauti na mpangilio, na mpaka leo tunaijua kesi ile kwa sababu ya wimbo.

Daraja Mbili haikosi habari. Kuna bei ya mafuta ya taa, kuna mvua iliyoingia ndani ya nyumba, kuna binti aliyefaulu na nauli ya kwenda shule haipo, kuna kijana aliyerudi kutoka machimboni Mererani mikono mitupu. Jioni moja nenda kijiweni au kwenye genge la mama, usiseme neno, sikiliza tu. Halafu andika sentensi moja kama ilivyosemwa. Jambo moja tu nawasihi: heshima. Usitaje jina la jirani yako katika aibu yake. Chukua tukio, badilisha jina, linda utu wa mtu.

Na kama habari ni nzito mno, anza na jina. Wanamuziki wa dansi walilifanya hili kwa ustadi mkubwa. Marijani Rajab, tuliyemwita Jabali la Muziki, alituachia "Georgina" alipokuwa na Safari Trippers, na "Zuwena" alipokuwa na Dar International. Mlimani Park wakatuachia "Neema". Ukilitaja jina la mtu, papo hapo unajua unasema na nani. Ukijua unasema na nani, unajua sauti yako iwe ya upole au ya lawama, na unajua umwambie nini kwanza. Anayesema "nataka kuandika wimbo kuhusu mapenzi" atakaa kutwa nzima. Anayesema "nataka kumwambia dada yangu kwa nini sikuja msibani" ataandika sasa hivi.

Jaribu leo. Andika jina la mtu mmoja unayemdai neno, au anayekudai wewe. Chini yake andika kitu ambacho ungemwambia kama angefungua mlango sasa hivi. Usitafute kina, sema tu. Kina tutakitafuta baadaye.

Mizani nane ya vidole

Tufanye kazi kidogo hapa hapa, mbele ya wote. Wengi wanadhani sheria za ushairi zinamfunga mtunzi. Siku moyo ukiwa mzito, sheria ndizo zinazomsaidia, kwa sababu zinampunguzia mambo ya kuamua.

Utenzi ni rahisi kuueleza. Ubeti una mishororo minne. Kila mshororo una mizani nane. Mitatu ya kwanza inaishia kwa kina kimoja, na wa nne una kina chake ambacho utakirudia mwisho wa kila ubeti mpaka wimbo uishe. Vidole vya mikono yako, ukiviacha vidole gumba, ni vinane. Hiyo ndiyo mizani yako.

Chukua jambo la asubuhi ya leo. Umepanda kifodi kwenda mjini, watu wamebanana, na konda bado anaita. Jaribio la kwanza linakuja hivi: "abiria wamejazana". Hesabu kwa vidole: a-bi-ri-a-wa-me-ja-za-na. Tisa. Imezidi kidole kimoja, na "na" mwishoni haitupi kina chenye nguvu. Igeuze: "kifodi kimeshajaa". Ki-fo-di-ki-me-sha-ja-a. Nane kamili, na sasa tuna kina cha "aa", ambacho Kiswahili kimetujalia kwa wingi: njaa, taa, saa, mtaa, balaa, dagaa.

Sasa jiulize: nilikuwa na nini nilipokaa pale? Njaa, maana sikunywa chai. "Tumbo langu lina njaa." Nane. Mfukoni je? "Mfukoni ni balaa." Nane, tukihesabu ile "m" ya mwanzo kama mizani yake, kama watunzi wetu walivyofanya siku zote. Mshororo wa nne uachie huru, useme ukweli wa safari: "na mjini bado mbali". Nane. Ubeti wetu ni huu:

Kifodi kimeshajaa,
tumbo langu lina njaa,
mfukoni ni balaa,
na mjini bado mbali.

Sidai kwamba huu ni ubeti mkubwa. Nataka muone kilichotokea katika mshororo wa nne. Tulikuwa tunaeleza gari, na ghafla tumepata maneno mawili yanayobeba zaidi ya gari: bado mbali. Anayetafuta kazi anaweza kuyasema. Mama anayelea mtoto peke yake anaweza kuyasema. Muumini anayeitazama mbingu anaweza kuyasema. Basi hayo ndiyo kiitikio chetu. Mwongozaji aseme "bado mbali", kundi lijibu "tutafika". Hebu tuhesabu: ba-do-mba-li-tu-ta-fi-ka. Nane, nusu yake ya mwongozaji na nusu ya kundi.

Ubeti wa pili hauna haja ya kuhusu gari tena. Unahitaji tu kuishia na "li": hali, mali, asali, kila swali. Kina kinakuvuta kwenda mahali ambapo akili yako peke yake isingekwenda. Na kama unataka shairi la tarbia badala ya utenzi, unganisha mishororo miwili ya mizani nane, utapata mmoja wa mizani kumi na sita, wenye kina cha kati na cha mwisho. Kazi ni ile ile.

Angalieni pia tulichoanza nacho. Hatukuanza na ari. Tulianza na konda.

Mdomo kabla ya kalamu

Kuna watu ambao karatasi yenyewe inawatisha. Hao waanze na mdomo. Washa kinasa sauti cha simu, weka biti au piga meza kwa vidole, imba chochote: "la la la", maneno yasiyo na maana, orodha ya vitu vilivyoko chumbani. Unatafuta umbo la sauti, mahali inapopanda, mahali inapopumzika. Maneno ya kweli yataingia baadaye kwenye nafasi hizo.

Hili wamelifanya hata wakubwa wa dunia. Paul McCartney wa kundi la The Beatles alipoipata sauti ya "Yesterday", wimbo uliotoka mwaka 1965, hakuwa na maneno yake. Aliushikilia kwa maneno ya muda juu ya mayai ya kuvuruga, akawa anauimba hivyo mpaka maneno yenyewe yakapatikana. Wimbo ule umerudiwa na wanamuziki wasiohesabika, na hakuna anayeudharau kwa kuwa ulianza na mayai.

Ukimaliza kurekodi, usisikilize siku hiyo. Sikiliza kesho, ukiwa umepumzika. Kutunga na kukosoa ni kazi mbili, na anayezifanya kwa wakati mmoja atachoka kabla hajafika ubeti wa pili.

Kuazima na kurudisha

Nimesema tupokee sauti za watu. Lazima niseme pia mpaka wake.

Mwaka 1991 Saleh Jabir, maarufu kama Saleh J, aliwashangaza vijana wa Dar es Salaam kwa kughani kwa Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice. Mdundo huo nao ulikuwa umetumia besi ya "Under Pressure", wimbo wa Queen na David Bowie wa mwaka 1981. Vijana waliomsikia Saleh J wakajua kwamba Kiswahili kinaweza kukaa juu ya mdundo wa rap, na wengi wakaanza kuandika mistari yao wenyewe. Kuazima kuliwafungulia kuanza.

Lakini walioendelea na kubaki walijenga midundo yao. Ndugu zangu, sheria ya hakimiliki tuliyo nayo Tanzania ni ya mwaka 1999, na COSOTA ipo kwa ajili ya kulinda kazi za watunzi. Biti ya mtu iwe ya mazoezi. Andikia juu yake, imba juu yake, na maneno yakishasimama, iondoe, mtafute prodyuza au mpiga gitaa akutengenezee ya kwako. Na ukipokea sauti ya asili ya kabila, sema imetoka kwa nani. Wimbo wa Kyamanywa unatajwa kuwa na sauti ya Kihaya mpaka leo, na jambo hilo halikumpunguzia heshima hata kidogo.

Wimbo wa kulazimisha una roho?

Najua kuna swali linasubiri, na ni swali la haki: wimbo ulioanzwa bila hisia si utakuwa mkavu? Si wazee walisema sanaa inatoka moyoni?

Nasimama na wazee kwamba sanaa inatoka moyoni. Ninachokataa ni kudhani moyo lazima uwe tayari kabla mdomo haujafunguka. Kila mwanakwaya humu analijua hili. Unafika mazoezini Alhamisi jioni umechoka, umegombana na mtu, hutaki hata kukaa. Mwalimu anatoa sauti, sauti ya kwanza wanaingia, ya pili wanaingia, besi wanajibu. Kufika wimbo wa tatu umebadilika. Hukuja na moyo huo, umeupata kwa kuimba. Kama kuimba kunaweza kuuamsha moyo, kwa nini kutunga kusiweze?

Tena msikilizaji hawezi kujua ubeti upi uliandikwa siku ya furaha na upi siku ya uchovu. Anachokijua ni kama maneno ni ya kweli na kama sauti inamkaa. Ukweli hautegemei hali yako ya asubuhi.

Na wimbo hauhitaji kukamilika mikononi mwako peke yako. Mwaka 1897, Afrika Kusini, karibu na Johannesburg, mwalimu na kiongozi wa kwaya aitwaye Enoch Sontonga alitunga wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake. Aliandika ubeti wa kwanza na kiitikio. Alifariki mwaka 1905, wimbo ukiwa mfupi vile vile. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akaongeza beti saba. Sauti ya wimbo huo ilivuka mipaka, ikapata maneno ya Kiswahili, na tangu uhuru wetu mwaka 1961 tunasimama wima kila tunapoisikia, kwa maana ndiyo sauti ya Mungu Ibariki Afrika. Ubeti mmoja na kiitikio, vilivyoandikwa na mwalimu kwa watoto wa shule. Mtu asiudharau mwanzo mdogo.

Wito

Basi naomba mtoke hapa na kazi, kila mtu kwa nafasi yake.

Wewe mwenye moyo mzito: leo kabla hujalala, usiseme utatunga wimbo. Sema utatafuta kiitikio kimoja chenye mizani nane. Tumia jina, habari, au sauti ya bibi yako. Dakika chache zinatosha. Ukikipata, acha hapo hapo, hata kama unatamani kuendelea, ili kesho uwe na hamu ya kurudi.

Kesho mpelekee mtu mmoja. Muimbie, yeye aitikie. Akikosea itikio mara mbili, ujue ni gumu, lirahisishe. Akiendelea kulivumisha ukiwa umeshanyamaza, umepata wimbo.

Walimu wa kwaya na wa kaswida: fungueni nafasi katika mazoezi yenu kwa wimbo mmoja ambao haujamalizika, wa mwanakikundi yeyote. Msiucheke. Upokeeni kama mnavyopokea sauti ya mwongozaji, na mumwachie mwenyewe aurekebishe.

Wazazi: mwanao akirudiarudia mstari mmoja jikoni, usimwambie anapiga kelele. Muitikie.

Na nyinyi mnaofanya hip hop katika mtaa huu, mji huu ulishatoa sauti zilizosikika mbali. Zilianza na watu waliokaa pamoja na kupokezana. Msikae kila mmoja chumbani kwake akingoja mudi. Kaeni wawili wawili, mmoja atoe mstari, mwingine ajibu, na muanze wiki hii.

Nendeni mkaandike.